Methanoli ya kijani: kutoka bohari za kuni za Kericho na Bomet hadi meli za Kilindini

Juzi barazani tulikuwa tukizungumza habari za meli mpya zinazotumia mafuta yaitwayo methanoli, na kijana mmoja akanikatiza: "Ami, hiyo methanoli si ndiyo ile iliyoua watu kwa changaa? Leo imekuwaje dawa ya tabianchi?" Swali lake ni la haki. Nilimjibu kwa ufupi, lakini nikaona jibu kamili linahitaji nafasi. Leo nataka kulieleza jambo hili tangu mwanzo, na nitapitia njia ninayoijua, nayo ni njia ya chai. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa ghala la chai Shimanzi. Magunia ya karatasi niliyoyahesabu yalitoka Kericho na Bomet, na yalipotoka mikononi mwetu yalikwenda melini. Kuni zinazokausha chai na mafuta yanayoendesha meli ni ncha mbili za safari moja.

Methanoli ni kitu gani?

Methanoli ni kileo cha kwanza katika ukoo wa vileo, na ndicho chepesi kuliko vyote. Chembe yake ina kaboni moja, hidrojeni nne na oksijeni moja. Ni maji maji meupe, hayana rangi, yananukia kidogo kama pombe, na huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi. Maana yake ni kwamba katika joto letu la Mombasa hubaki majimaji, huwekwa tangini na kupitishwa katika bomba kama petroli. Haihitaji kugandishwa kama gesi asilia wala kushindiliwa kama hidrojeni. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wenye meli kuipenda.

Ulimwengu hutengeneza tani zaidi ya milioni 100 za methanoli kila mwaka. Wengi wetu tunaitumia bila kujua. Hutengenezewa gundi ya plaiwudi, rangi, plastiki na dawa. Kabati lako la mbao za kubandika lina methanoli ndani yake, iliyogeuzwa kuwa gundi.

Ubaya wake ni sumu. Mwili ukiipokea huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho kwanza, kisha kuua. Kiasi cha vijiko vichache kinaweza kumpofusha mtu mzima. Novemba mwaka 2000 pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na Mei 2014 vifo vya namna hiyo vilitokea tena katika kaunti kadhaa. Kwa hivyo kijana wetu hakukosea, ni kitu kile kile. Rangi ya kijani haibadilishi sumu yake hata chembe. Inayobadilika ni asili yake tu.

Kwa nini iitwe ya kijani?

Karibu methanoli yote ya leo hutokana na gesi asilia au makaa ya mawe. Kaboni iliyokuwa imelala chini ya ardhi mamilioni ya miaka hutolewa, hugeuzwa methanoli, na ikichomwa huingia hewani kama hewa ukaa. Mafuta ya namna hiyo hayana faida kwa tabianchi, na yale ya makaa ya mawe ni mabaya kuliko hata dizeli.

Ya kijani hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua mabaki ya mimea, takataka au samadi, kuyageuza gesi kwa joto au kwa kuozesha, kisha gesi hiyo kuifanya methanoli. Ya pili ni kutumia umeme usio na moshi, yaani wa maji, upepo, jua au jotoardhi, kuyapasua maji yatoe hidrojeni. Hidrojeni hiyo hukutanishwa na hewa ukaa ndani ya mtambo wenye joto la nyuzi 200 hadi 300 na shinikizo kubwa, mbele ya kichocheo cha shaba na zinki. Hutoka methanoli na maji.

Sharti ni moja: kaboni iliyomo iwe imetoka hewani hivi karibuni. Mti ukikua huivuta hewa ukaa. Ukiuchoma, hurudi kule kule ilikotoka. Ukipanda mwingine, mzunguko unaendelea na hesabu haiongezeki. Huo ndio uchumi usioongeza hewa ukaa: kinachotoka kiwe sawa na kinachorudi. Usipopanda mwingine, hesabu imevunjika na ukijani umebaki jina.

Sasa tushike takwimu, kwa sababu bila takwimu mazungumzo haya hugeuka porojo. Tani 1 ya methanoli inahitaji tani 1.4 hivi za hewa ukaa na kilo 190 hivi za hidrojeni. Kila kilo ya hidrojeni hula umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55. Ukizidisha, tani 1 ya methanoli inakula takriban kilowati-saa 10,000. Nishati iliyomo ndani ya tani hiyo ni kama kilowati-saa 5,500. Kwa hivyo karibu nusu ya umeme uliowekwa umepotea njiani. Naomba msomaji aikumbuke nambari hiyo ya nusu, tutairudia.

Chai ya Kericho na Bomet na moto wake

Mtu wa Pwani akipanda Kericho kwa mara ya kwanza hushangazwa na ukijani wake. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, alasiri wingu hushuka kutoka msitu wa Mau, na mawe ya barafu huanguka mara nyingi na kuyachana majani ya chai. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai hapo kwa biashara katika miaka ya 1920. Baada ya uhuru wakulima wadogo wakajiunga, na leo viwanda kama Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek, Kapset na Tirgaga hupokea majani yao chini ya KTDA. Kinachouzwa huteremka hadi kwetu. Mnada wa chai uliokuwa Nairobi ulihamia Mombasa mwaka 1969, na chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko huuzwa hapo hapo pamoja na ya Kenya.

Kazi ya kiwanda cha chai, ukiitazama vizuri, ni kazi ya kuondoa maji. Zinahitajika kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Maana yake kilo 3 na nusu za maji lazima ziende angani. Majani hunyaushwa kwanza kwa hewa vuguvugu, hukatwakatwa na mashine, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto mkali mpaka yabaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Moto huo hutoka kwenye boila la mvuke, na boila hilo hulishwa kuni.

Nilipotembelea kiwanda kimoja cha huko, kilichonikaa moyoni zaidi ya mashine ni bohari ya kuni. Magogo ya mikaratusi yamepangwa juu kuliko paa la nyumba, safu kwa safu, na harufu yake kama ya dawa ya kifua. Mzee aliyekuwa akilisha boila aliniambia, "Bwana, hapa chai ni mtoto, kuni ndiyo mama." Kuni na umeme ni miongoni mwa gharama kubwa za kiwanda. Kila shilingi inayoingia motoni haiingii katika bonasi ya mkulima, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki.

Moshi wa boila unaweza kuwa mafuta ya meli?

Hapa ndipo wazo la methanoli linapovutia. Methanoli ya kijani inataka hewa ukaa iliyotoka kwenye mimea. Bomba la moshi la kiwanda cha chai linatoa hewa ukaa iliyotoka kwenye mikaratusi. Kwa nini basi tusiukamate moshi ule, tuuchanganye na hidrojeni, tuuze mafuta kwa meli ile ile inayobeba chai?

Nimeifanya hesabu, na ninaiweka hapa kama mfano ili kila mtu aikague. Chukua kiwanda kinachotoa kilo milioni 3 za chai kwa mwaka. Tuseme kila kilo ya chai inakula kilo 2 za kuni. Hizo ni tani 6,000 za kuni, na moshi wake unabeba hewa ukaa tani 8,000 hivi. Ukiikamata yote, jambo ambalo kwa kweli haliwezekani kwa ukamilifu, utapata methanoli tani 5,700. Umeme utakaohitajika ni kama kilowati-saa milioni 57, yaani megawati 6 na nusu, usiku na mchana, bila kupumzika. Kiwanda chenyewe kwa mashine zake zote hakitumii hata kilowati-saa 1 kwa kilo ya chai. Kwa hiyo kutengeneza mafuta kungekula umeme karibu mara 20 au zaidi ya kutengeneza chai.

Kisha kuna ukubwa wa mtambo. Mitambo ya methanoli huwa na nafuu ikiwa mikubwa, nayo hupenda kufanya kazi mfululizo. Boila la chai hufuata majani: msimu wa mvua lina njaa, msimu wa kiangazi limelala nusu. Moshi wake nao una hewa ukaa sehemu ndogo tu, iliyobaki ni naitrojeni na mvuke, na kuzitenganisha ni gharama nyingine.

Wako watakaosema tuache umeme, tuyachukue matawi ya chai yanayokatwa wakati wa kupogoa, tuyageuze gesi. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na matawi ni mengi kweli. Lakini mkulima huachiwa matawi yale shambani yaoze, yafunike udongo na kuurudishia rutuba. Ukiyaondoa, itabidi ununue mbolea zaidi, na mbolea ya viwandani ina hewa ukaa yake. Utakuwa umeziba tundu moja kwa kutoboa jingine.

Na mikaratusi zaidi je? Hapo napo pana tahadhari. Mkaratusi hunywa maji sana, na mito ya nyanda hizo, Itare, Kipsonoi na Kiptiget, ina watu wengi chini yake. Zaidi ya hapo, ardhi Kericho si jambo la mzaha. Wakipsigis na ukoo wa Talai walinyang'anywa ardhi na serikali ya kikoloni, na mwaka 1934 Watalai wakahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi. Madai yao hayajaisha mpaka leo. Mtu atakayekwenda huko kutafuta maelfu ya ekari za kupanda miti ya mafuta ya meli za Ulaya, ajue anaingia katika nyumba yenye msiba.

Basi Kericho ifanye nini?

Irudie ile nambari ya nusu. Ukichukua umeme ukautengenezea methanoli, kisha ukaichoma methanoli kukausha chai, umetupa karibu nusu ya nishati kabla hujaanza kazi. Umeme huo huo ungetumika moja kwa moja kupasha hewa joto, na kwa mashine za kusukuma joto, zile zinazofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, ungepata joto zaidi ya umeme uliolipia katika kazi ya kunyausha majani.

Kanuni yangu ni hii: palipo na waya wa umeme au kuni zilizopandwa kwa uadilifu, methanoli haina kazi. Kazi yake ni pale ambapo waya haufiki na betri haitoshi. Kiwanda cha chai hakihitaji methanoli. Kinahitaji kwanza kuni zilizokauka. Gogo bichi la mkaratusi karibu nusu yake ni maji, na kuliingiza motoni likiwa hivyo ni kuchoma kuni ili kuchemsha maji ya kuni. Kuzipasua, kuziweka chini ya paa na kuziacha miezi kadhaa huokoa nyingi. Kisha kinahitaji mabomba ya mvuke yasiyovuja, na umeme wa mito. Mashamba makubwa ya Kericho yana mitambo midogo ya maji kwa miaka mingi, na maji hayo hayo ya Itare na Kipsonoi hushuka hadi Sondu Miriu, kituo cha megawati 60. Hayo hayana jina la kuvutia kwenye mikutano, lakini ndiyo yanayomrudishia mkulima shilingi yake.

Meli ni hadithi nyingine

Meli haiwezi kufunga waya. Safari ya kutoka Kilindini hadi Karachi ni kilomita 4,400 hivi, na betri ya kuivusha meli ya kontena safari hiyo ingejaza nafasi ya mizigo. Hapo ndipo methanoli ina hoja.

Mwaka 2015 feri ya Stena Germanica ya Bahari ya Baltiki ilibadilishwa injini ili itumie methanoli. Septemba 2023 kampuni ya Maersk ilizindua Copenhagen meli iitwayo Laura Maersk, yenye nafasi ya kontena 2,100 za futi 20, nayo ni meli ya kwanza ya kontena duniani yenye injini ya methanoli. Mwanzoni mwa 2024 ikafuata Ane Maersk, yenye nafasi ya kontena zaidi ya 16,000. Injini zao zinakubali methanoli na pia mafuta ya kawaida, kwa hiyo nahodha asipopata moja atatumia jingine. Tangi tu ndilo huwa kubwa, kwa sababu methanoli ina nguvu kiasi cha nusu ya mafuta mazito kwa kila kilo.

Maersk ilikadiria kwamba meli ndogo kama Laura inahitaji tani 10,000 hivi kwa mwaka. Ukirudi kwenye hesabu yetu, hiyo ni megawati 11 au 12 mfululizo. Sondu Miriu yote, kama mto ungejaa mwaka mzima, ingelisha meli tano za aina hiyo, nazo ni ndogo. Mei 2025 kiwanda kikubwa cha methanoli ya umeme kilifunguliwa Kassø, Denmark, chenye uwezo wa tani 42,000 kwa mwaka. Hizo nazo ni meli nne. Bahari zina maelfu. Ndiyo sababu bei ya methanoli ya kijani bado ni maradufu au zaidi ya ile ya gesi, na ndiyo sababu meli nyingi zenye injini hizo bado zinachoma mafuta ya kawaida siku nyingi.

Sheria nazo zinasukuma na kuvuta. Umoja wa Ulaya umeanza kuzitoza meli kwa hewa ukaa tangu Januari 2024, na tangu Januari 2025 unazitaka zipunguze ukali wa mafuta yao. Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana mwaka 2023 kwamba usafiri wa meli ufike sifuri ya hewa ukaa karibu na mwaka 2050. Lakini Oktoba 2025, London, kura ya kupitisha ada ya dunia nzima iliahirishwa kwa mwaka mmoja. Wenye fedha za kujenga viwanda wakarudi kusubiri.

Kwa chai yetu, meli ni mzigo gani hasa?

Hili linahitaji kusemwa wazi, maana watu hulikosea. Meli ya kontena hutoa gramu 10 hivi za hewa ukaa kwa kubeba tani 1 ya mzigo kilomita 1. Kutoka Mombasa hadi Karachi, na Pakistani ndiye mnunuzi mkubwa wa chai yetu, tani 1 ya chai imegharimu kilo 45 hivi za hewa ukaa. Kuni zilizokausha tani hiyo hiyo zimetoa zaidi ya tani 2. Kama miti ilipandwa tena, deni hilo limelipwa. Kama ilikatwa msituni bila kurudishwa, basi meli haina lawama, lawama iko boilani.

Na bado kuna birika. Kilo 1 ya chai hutoa vikombe 500 hivi. Maji ya kikombe kimoja kuchemka yanataka kilowati-saa 0.02, kwa hiyo kilo nzima inataka kilowati-saa 10 za joto lililofika majini. Kwa jiko la gesi, hewa ukaa yake inazidi kilo 2, na hapo sijahesabu maziwa na wale wanaoiacha chai ichemke mpaka ibadilike rangi mara tatu kama tufanyavyo sisi. Kwa hivyo birika la mnywaji linaishinda meli zaidi ya mara 40. Nimesema haya kwa sababu nimeona watu wakiahidi chai safi kwa kubadilisha mafuta ya meli peke yake. Ni vizuri kubadilisha, lakini hesabu haipo huko.

Kenya itengeneze wapi?

Kama nchi yetu itatengeneza methanoli ya kijani, mahali pake si Kericho. Mfano uko Iceland. Huko Svartsengi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, mtambo uliopewa jina la George Olah, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 na aliyeandika sana juu ya uchumi wa methanoli, ulichukua hewa ukaa inayotoka na mvuke wa ardhini na umeme wa jotoardhi, ukafanya methanoli tani 4,000 kwa mwaka. Sisi tunayo Olkaria, kando ya Naivasha, yenye mvuke na umeme unaotoka usiku na mchana, ingawa hewa ukaa iliyomo katika mvuke wake ni kidogo. Pana barabara na reli kutoka hapo hadi bandarini.

Septemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, serikali ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani. Methanoli imetajwa humo, lakini mbolea imewekwa mbele, na mimi naona ni sawa. Mkulima wa Bomet anayenunua mbolea iliyotoka ng'ambo ana haki ya kwanza juu ya hidrojeni yetu kuliko meli ya mtu. Umeme wetu karibu asilimia 90 ni safi, hilo ni kweli na ni la kujivunia, lakini jioni bado unakatika katika mitaa. Umeme wa kutengeneza mafuta uwe wa ziada, uliojengwa kwa kazi hiyo, usiwe ule unaopokonywa kwenye taa zetu.

Na sisi wa bandarini?

Hapa ndipo swali la kijana linarudi kwa uzito. Meli za methanoli zikianza kuja kunywesha Kilindini, tutapata kazi za matangi, mabomba na uangalizi. Bahari nayo ina faida. Wazee wa Makupa wanakumbuka mafuta yaliyomwagika mwaka 1988 yakaua mikoko. Methanoli ikimwagika huyeyuka majini na kuliwa na vijidudu kwa siku chache, ingawa samaki walio karibu hapo mwanzo hawatasalimika.

Hatari yake iko nchi kavu. Moto wake ni wa buluu hafifu, na mchana wa jua hauonekani. Mtu anaweza kuingia ndani yake bila kujua. Pia kuna wizi. Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, njia hiyo hiyo ya kupandia Kericho. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka na zaidi ya 100 wakafa. Sasa fikiria lori lililobeba kitu kinachonukia kama pombe. Wasiokufa kwa moto wangekufa siku ya pili, vijijini, kwa chupa.

Kwa hiyo kabla ya tangi la kwanza kujengwa, wanaohusika na bandari, wazima moto, hospitali na machifu wana maswali ya kutujibu. Methanoli itatiwa rangi na uchungu ili isinyweke? Hospitali za njiani zitakuwa na dawa ya kuizuia isigeuke asidi mwilini? Makuli na madereva watafundishwa kwa Kiswahili, au watapewa karatasi ya lugha nyingine watie sahihi? Na kwa msomaji, ushauri wa leo leo: aliyekunywa kileo asichokijua, kisha akaanza kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiachwe alale.

Nikamwambia kijana: ndiyo, ni ile ile. Inaweza kuivusha meli bahari bila kuongeza hewa ukaa, kama imetoka pazuri na kama ina mwenye kuilinda. Haitakausha chai ya Kericho, na haitamwongezea mkulima wa Bomet bonasi. Hilo litafanywa na kuni kavu, miti iliyorudishwa na umeme wa mto. Akaniuliza, "Na birika letu je, ami?" Nikamwambia afunike, na asijaze maji kuliko vikombe tulivyo. Wabillahi tawfiq.